Je, Laozi Alisema Tuutupe Utu?

ZUHURA: Assalamu alaykum, na habari za wakati huu popote mlipo. Karibuni barazani. Mimi ni Zuhura, na huyu kaka yangu Hamisi leo kaja na karatasi zimechorwachorwa kama hirizi.

HAMISI: Hazikuchorwa, dada, zimeandikwa. Kichina hicho, maneno ya Laozi, mwanafalsafa wa kale wa China. Huu mwezi wa tatu nahangaika nacho.

ZUHURA: Hebu waeleze watu ulichoniandikia juzi saa sita za usiku.

HAMISI: Nilikuandikia, "Kumbe kuna watu wanalipwa kusoma."

ZUHURA: Nami nikakujibu, "Lala."

HAMISI: (anacheka) Sikulala. Nilikuwa nasoma habari za taasisi moja iliyoko Nangang, pembezoni mwa Taipei, kule Taiwan. Ni taasisi ya utafiti wa fasihi na falsafa ya Kichina, na iko ndani ya Academia Sinica, taasisi kuu ya utafiti ya Taiwan.

ZUHURA: Ngoja. Ni kama zile Taasisi za Confucius? Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ipo tangu 2005, na Dar es Salaam nako ipo.

HAMISI: Watu wengi huzichanganya. Zile zinafundisha lugha: unaingia hujui kitu, unatoka unajua kusalimia na kuhesabu. Huku hakuna darasa la wanaoanza. Academia Sinica ilianzishwa 1928 mjini Nanjing, mkuu wake wa kwanza akiwa Cai Yuanpei. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, 1949, ikahamia Taiwan na serikali iliyoshindwa, na mpaka leo iko moja kwa moja chini ya ofisi ya rais wa huko. Ina taasisi za fizikia, kemia, mimea, historia. Hii ya fasihi na falsafa ilifunguliwa kama ofisi ya maandalizi 1989, ikawa taasisi kamili 2002.

ZUHURA: Miaka 13 ya maandalizi! Harusi gani hiyo?

HAMISI: Na jarida lao lilishaanza kutoka tangu 1991, bibi harusi hajatoka ndani bado.

ZUHURA: Lakini kama Academia ni ya 1928, kwa nini fasihi na falsafa zingoje miaka 60 na ushee?

HAMISI: Hapo mimi nina dhana yangu. Wenye historia walikuwepo tangu mwanzo. Fu Ssu-nien aliianzisha taasisi yake ya historia na filolojia, yaani elimu ya maandishi ya kale, mwaka uleule wa 1928, na watu wake wakaanza kuchimba Anyang, kwenye mifupa yenye maandishi ya kale kabisa. Yeye aliwataka wasomi watumie mikono na miguu kutafuta ushahidi, wasikae tu na kufikiri. Kwa mtu wa namna hiyo, falsafa ni kama maneno matupu.

ZUHURA: Kwa hiyo mwenye jembe alikaribishwa kwanza, mwenye kufikiri akasubiri nje.

HAMISI: Ndivyo nionavyo mimi. Na lile jina lao, "wen" na "zhe", fasihi na falsafa, limeunganishwa kwa sababu. Wachina wana msemo kwamba fasihi, historia na falsafa hazigawani nyumba. Historia ilikuwa tayari na nyumba yake, wakabaki hawa wawili.

ZUHURA: Haya. Nipe kazi yao ilivyo. Mtu anaamka asubuhi, anakwenda ofisini. Anafanya nini?

HAMISI: Inategemea. Kuna wa tamthilia za enzi za Ming na Qing, kuna wa fasihi ya kisasa, kuna wa vitabu vitukufu vya Confucius, yule mwalimu mkuu wa kale wa Kichina, na wafasiri wake. Kuna wa falsafa, kama Lee Ming-huei, aliyesomea Bonn, Ujerumani. Ametumia miaka mingi kuwakalisha Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, na Confucius meza moja, akifuata nyayo za Mou Zongsan, yule aliyefariki Taipei 1995 baada ya kumfasiri Kant kwa Kichina. Lakini mimi leo nataka tukae kwenye neno moja tu. "Ren".

ZUHURA: Maana yake?

HAMISI: Utu.

ZUHURA: Utu kabisa, au unalilazimisha?

HAMISI: Sikiliza. Mtu kwa Kichina ni "ren". Huu utu nao ni "ren". Matamshi yaleyale, maandishi tofauti. Kuna sentensi ya zamani ya wafuasi wa Confucius, "ren zhe ren ye". Yaani utu ndio mtu.

ZUHURA: Subhanallah. Mtu ni utu.

HAMISI: Sisi tulitoa utu kwenye mtu, na wao sauti yao ni moja. Wazungu wakifasiri wanahangaika: mara wema, mara upendo, mara ubinadamu. Sisi tunalo neno tayari mfukoni. Sisemi yanalingana kwa kila kitu, lakini mlango tunao.

ZUHURA: Nimekubali. Sasa hizo karatasi?

HAMISI: Mzozo uko hapa. Laozi, yule wa kitabu cha Dao De Jing. Kitabu tulichozoea kinakwenda na ufafanuzi wa Wang Bi, kijana aliyekufa 249 akiwa na miaka 23 hivi. Sura ya 19 humo inasema, kwa Kiswahili changu: "Achaneni na utu, itupeni haki, na watu watarudia kuwatii wazazi na kuwahurumia wana."

ZUHURA: Astaghfirullah. Autupe utu?

HAMISI: Kwa karne nyingi watu walisoma hivyo, na ikawa ndiyo hoja ya kwamba Laozi na Confucius ni mafahali wawili. Halafu 1993, huko Guodian, karibu na Jingmen, mkoa wa Hubei, wezi wakavunja kaburi la zamani. Wanaakiolojia wakaenda kuokoa kilichobaki, wakakuta vibanzi vya mwanzi.

ZUHURA: Vibanzi? Chipsi?

HAMISI: (anacheka) We mtu wa Mombasa! Vijiti bapa, vyembamba, vinaandikwa kwa wino toka juu kwenda chini, kisha vinafungwa kwa kamba, unakunja kama jamvi. Vilikuwa 800 na kidogo, kama 730 vina maandishi. Kaburi lenyewe ni la miaka 300 hivi kabla ya Kristo. Na ndani yake kuna Laozi, katika vibanzi 71.

ZUHURA: Kitabu kizima?

HAMISI: La, kama mbili kwa tano tu ya maneno. Na si kitabu kimoja. Ni mafungu matatu: la kwanza vibanzi vyake vina urefu wa sentimita 32 na nukta tatu, la pili 30 na nukta sita, la tatu 26 na nusu. Kamba zimeoza, kila kitu kimechanganyika kama kuni. Hivyo vipimo ndivyo vilivyosaidia kujua kibanzi hiki ni cha fungu lipi.

ZUHURA: Kwa rula.

HAMISI: Kwa rula! Sasa fungu la kwanza lilivyopangwa linaanza na sura ileile ya 19. Na unajua inasemaje? "Achaneni na werevu, tupeni ubishi." Ukifika pale penye utu na haki, havipo. Pameandikwa kitu kingine: "Achaneni na kujifanya", na kufuatiwa na neno ambalo limewatoa watu jasho. Qiu Xigui, bingwa wa maandishi ya kale, kwanza alilisoma kama "hila". Baadaye akabadili mwenyewe, akasema ni "kuwaza", kupanga mambo kwa hesabu.

ZUHURA: Kajisahihisha hadharani? Huyo namheshimu.

HAMISI: Basi ukilisoma hivyo, Laozi hakugusa utu. Mtu wa baadaye aliyenakili, pengine wakati wafuasi wa Laozi na wa Confucius wamekwisha kugombana, ndiye aliyeupenyeza.

ZUHURA: Hilo kwetu si geni. Bibi yangu Lamu alikuwa na Mwana Kupona iliyoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Tukichukua ile ya kuchapwa shuleni, tunamsomea, anakatiza: "Siyo hivyo!" Mishororo mizima ilitofautiana. Na herufi zenyewe, zile za zamani, hazitenganishi p na b. "Pata" na "bata" unaandika vilevile. I na e kitu kimoja, u na o kitu kimoja. Anayejua utendi anausoma. Asiyejua anasoma mabata.

HAMISI: Ndiyo kazi yenyewe hiyo! Vibanzi vya Guodian navyo, mwandishi anaazima alama ya neno moja kuandika neno jingine lenye sauti ya karibu. Msomaji lazima aamue. Na hebu tazama karatasi hii. Hiyo ndiyo "ren", utu, walivyoiandika kwenye vile vibanzi.

ZUHURA: Kuna kitu juu, kuna kitu chini.

HAMISI: Juu mwili. Chini moyo. Sasa hivi inaandikwa mtu na namba mbili pembeni yake, lakini wale waliandika mwili juu ya moyo.

ZUHURA: Eh! Mtu unauhisi utu mwilini.

HAMISI: Polepole. Kuna wanaosema ule mwili umewekwa kwa sauti tu, kwa kuwa "shen", mwili, ilikaribia kulingana kimatamshi na "ren". Usianze mahubiri.

ZUHURA: Umenikata stimu. Basi mambo yamekwisha, Laozi hakuutupa utu, tufunge kipindi.

HAMISI: Bado. Fungu la tatu, lile fupi, lina sura ya 18. Inasema: njia kuu ikiachwa, "an" utu na haki.

ZUHURA: "An" ni nini?

HAMISI: Hapo ndipo wanapokabana. Kwenye kitabu tulichozoea hiyo "an" haimo, inasema tu njia kuu ikiachwa, pana utu na haki. Yaani utu ni kiraka. Kwenye kibanzi imo, na inaweza kuwa mambo mawili. Moja ni "ndipo": njia kuu ikiachwa, ndipo utu na haki hutokea. Ya pili ni "wapi": njia kuu ikiachwa, utu na haki vitatoka wapi?

ZUHURA: Subiri. Ndipo, au wapi. Kwa neno moja anausifu, kwa neno moja anauponda.

HAMISI: Silabi moja. Sasa umeelewa kwa nini nilisema wanalipwa kusoma?

ZUHURA: Nimeelewa kwa nini hukulala. Wewe unaisoma vipi?

HAMISI: Mimi "wapi". Inakwenda sawa na sura ya 19 ya fungu la kwanza.

ZUHURA: Lakini umesema ni mafungu matatu, vipimo mbalimbali. Nani kakwambia aliyeandika lile refu na aliyeandika hili fupi walikuwa na nia moja?

HAMISI: ...Dada, hilo swali sikujiandaa nalo.

ZUHURA: Mimi naisoma "ndipo". Nyumba ikiwa na amani, nani anakaa kuhubiri utu? Wakishagombana urithi ndipo wazee huitwa, wanaanza: jamani, utu, utu.

HAMISI: Hiyo ni sura ya 18 kabisa, na hujafungua kitabu.

ZUHURA: Nimelelewa na bibi, kaka. Mimina kahawa. Wasikilizaji, tutumieni sauti zenu: ndipo, au wapi? Wa "ndipo" waje kwangu.