Skrini Imegeuka Pinki? Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Monita

Habari yako mtazamaji, karibu. Tazama skrini hii: ukurasa uliotakiwa kuwa mweupe umekuwa pinki, na nyuso za watu kwenye picha zimegeuka zambarau. Kama kompyuta yako ya mezani imekufanyia hivi, usikate tamaa na monita yako. Mimi niliwahi kuibeba ya kwangu hadi kwa fundi, ikakaa siku tatu, nikalipia na ukaguzi, kumbe kosa lilikuwa kwenye waya. Sitaki yakupate hayo, ndiyo maana leo tunatafuta kosa liko wapi kabla hujatoa hela.

Anza na monita. Bonyeza kitufe cha menyu, kile kilicho pembeni au chini ya fremu. Menyu inayotokea inachorwa na monita yenyewe. Haitoki kwenye kompyuta wala haipiti kwenye waya. Ikiwa menyu ina rangi zake za kawaida huku picha iliyo nyuma yake ni pinki, kioo chako ni kizima. Menyu nayo ikiwa pinki, ingia sehemu ya rangi humo humo, kwani huenda mtu alipunguza kijani. Rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha angalia tena.

Kipimo cha pili: zima kompyuta, iwashe, na utazame nembo inayotokea kabla Windows haijafunguka. Rangi zikiwa mbovu tangu hapo, achana na mipangilio, twende kwenye waya. Zikiharibika baada ya Windows kufunguka, huenda waya hauna shida; upande wa Windows tutaufikia mwishoni.

Sasa waya, na hapa tutakaa kidogo. Huu ni wa VGA, unaopeleka picha kutoka kompyuta hadi monita. Zima kompyuta na monita, legeza skrubu hizi mbili, uchomoe kwa kushika plagi, si kwa kuvuta waya. Sogea karibu uone: pini 15, safu tatu za tano tano. Pini ya 1 hubeba nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Kila rangi ina njia yake, kwa hiyo moja ikikatika, mbili zilizobaki ndizo unazoziona. Kijani ikipotea unapata pinki. Buluu ikipotea kila kitu huwa cha manjano. Nyekundu ikipotea skrini huwa ya buluu iliyochanganyika na kijani.

Unaona pini hii ya 2 ilivyolala? Mtu aliichomeka plagi kwa nguvu ikiwa imekaa upande. Inyanyue kwa kibano, taratibu, mara moja tu. Ukiipinda huku na huku itakatika. Na usishtuke ukikuta nafasi tupu safu ya katikati, waya nyingi hazina pini ya 9 tangu kiwandani.

Rudisha plagi, kaza skrubu, washa. Kisha shika waya karibu na plagi na uutikise kidogo ukiangalia skrini. Rangi ikirudi na kupotea, waya umekatika ndani: badilisha. Ukiwa na waya mpya na tatizo bado lipo, unganisha kompyuta na monita nyingine au televisheni. Pinki ikihamia huko, shaka yote ni kwa kadi ya grafiki, yaani sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha, au soketi yake.

Kwa upande wa Windows ni mambo ya haraka. Skrini ya rangi ya chungwa kila jioni? Zima mwanga wa usiku kwenye mipangilio ya skrini. Rangi zote zimetoweka, umebaki na kijivu? Zima vichujio vya rangi. Unatumia HDMI, aina nyingine ya waya wa picha, na weusi unaonekana kijivu kilichopauka? Fungua programu ya kadi ya grafiki, badilisha upana wa rangi kutoka 16–235 kwenda 0–255. Na kama yote yalianza baada ya kusasisha draiva (programu inayoendesha kadi ya grafiki), rudisha ile ya awali.

Ikibaki kwamba monita yenyewe ndiyo mbovu, hapo ndipo umpelekee fundi, na umweleze vipimo ulivyofanya. Usifungue mgongo wake mwenyewe: ndani kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi ukutani.