Dijei wa Harusi, Jina Lake Idris

Maiki inasikika huko nyuma? Haya poa. Kaka hapo mlangoni ingia bwana, viti vipo huku mbele, sijui kwanini watu wa Dar mnaviogopa viti vya mbele kama vina umeme.

Najua wengi mshanisikia na hii mada ya kushika kazi mbili, dada pale kashaanza kucheka. Nitaisema tu, mpaka mzazi mmoja aache kumwambia mwanae "mshika mbili moja humponyoka". Hiyo methali siipendi jamani. Kijana anaigiza, jioni anapiga mziki, basi kila mwenye mdomo anamwambia achague moja!

Leo nawaletea Idris Elba, yule muigizaji wa Uingereza. Sitawaeleza ni nani, Stringer Bell wa tamthilia ya The Wire mnamjua, yule mpelelezi Luther mnamjua. Ninachotaka ni kile mnachokirukaga. Watu wakimwona kwenye mashine pale tamasha la Glastonbury wanasema aah, muigizaji kashiba hela sasa anacheza cheza na u-DJ. Geuza hiyo kauli. Huyu ni DJ aliyekwenda kuigiza.

Mwaka 1986, London mashariki, hajafika hata miaka 15. Mjomba wake ana biashara ya kupiga mziki kwenye harusi, na mtoto anakwenda kumsaidia. Baba yake ni mtu wa Sierra Leone, anafanya kazi kiwanda cha Ford pale Dagenham, mama yake katoka Ghana. Baada ya kama mwaka hivi dogo na marafiki zake wakaanzisha kampuni yao wenyewe ya u-DJ. Watoto wa shule, kampuni! Baadaye alikuwa anapiga kwenye klabu kwa jina la Big Driis.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri maana ndo roho ya mhadhara wangu. Mimi nimepiga mziki wa harusi zaidi ya miaka 20. Sendofu, kicheni pati, vigodoro, zote nimekula vumbi lake. Harusi siyo klabu. Klabu watu wamekuja wenyewe wanataka kucheza. Harusi una bibi wa bwana harusi anayetaka nyimbo za enzi zake, una mashangazi wa bibi harusi ambao hawajafurahia mahari, una vijana nje wanasubiri bongo fleva, na kuna mjomba mmoja amelewa anakuja kukushika bega kila dakika tano anataka rhumba. Wote hao unawasoma kwa jicho na sikio. Ukikosea wimbo mmoja ukumbi unakufa, na ukumbi ukishakufa hata MC awe fundi vipi haufufuki. Niliwahi kuua ukumbi mimi, nilimwekea mama mkwe taarabu ya mafumbo, yeye akaona anasemwa, alinyanyuka na meza nzima. Hela yangu iliyobaki sikuipata mpaka leo.

Kijana aliyelelewa na kazi kama hiyo ukimpeleka mbele ya kamera unadhani atashindwa kumsoma mwenzake?

Miaka ikapita akahamia New York kutafuta maisha, na maisha yakamtafuta yeye. Kalala kwenye gari lake, kawa baunsa wa klabu ya vichekesho, huku u-DJ haachi. Ndo likaja lile tangazo la kutafuta waigizaji wa The Wire, tamthilia ya Kimarekani. Alikwenda kufanyia usaili nafasi ya Avon Barksdale, bosi wa madawa ya kulevya, na mama aliyesimamia usaili akamshauri asiseme kabisa kwamba ni Mwingereza, maana mwenye tamthilia hakutaka Waingereza. Siriz ikaanza kuruka mwaka 2002 na Wamarekani wengi tu waliamini jamaa ni wa kwao. Lafudhi ile kaitoa wapi? Alikuwa anakwenda kukaa vinyozini Brooklyn anasikiliza watu wanavyoongea. Kukaa tu na kusikiliza. Hilo kwangu mimi ni sikio la DJ, na mwalimu wa maigizo anibishie hapa hapa, yupo, namwona anakunja uso.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mzee huyo kazaliwa Uingereza, huko kila kitu kipo. Kila kitu gani? Kiwanda alichofanya kazi baba yake na yeye alipiga shifti za usiku. Kabadilisha sana tairi za magari ya watu. Na kilichomfungulia mlango ni pauni 1,500 tu, msaada wa Prince's Trust, mfuko wa kusaidia vijana, ndo akaingia National Youth Music Theatre, kundi la vijana la maigizo ya mziki. Pauni 1,500! Kwenye harusi zetu hizi kuna kamati inamaliza zaidi ya hiyo kwenye mapambo peke yake, maua ya plastiki, kesho yake yako jalalani. Halafu mkiombwa kumchangia kijana kozi mnaanza kuangalia simu. Haya niache, nitagombana na watu hapa.

Naona mwenye muda ananionyesha vidole vitano. Basi nikimbie. Luther, BBC, 2010, ikampa Golden Globe mwaka 2012. Kacheza kama Mandela kwenye sinema mwaka 2013, kisha 2014 akatoa albamu kutokana na kazi hiyo, inaitwa mi Mandela, akina mama wa Mahotella Queens, kundi la Afrika Kusini, wamo ndani. Mnaona? Sinema imezaa mziki. Sinema yake ya Beasts of No Nation ilipigwa Ghana kwa mama yake. 2019 kapiga mziki tamasha la Coachella kule Marekani, mwaka huo huo wimbo wa Boasty na akina Sean Paul.

Moja tu siliachi. Mei 2018, Prince Harry anamuoa Meghan, dunia nzima inaangalia, na usiku nani yuko kwenye mashine? Big Driis! Na bibi harusi alishampelekea orodha ya nyimbo anazotaka, kama mabibi harusi wote wanavyotusumbua. Miaka 32 toka alipokuwa anamsaidia mjomba, bado yuko harusini. Mimi niliposikia nilicheka nikatamani kumpigia simu nimuulize, na kwako mjomba mlevi alikuwepo?

Zanzibar kwa kifupi sana. Mwaka 2024 serikali ya kule ilisema imetenga karibu hekta 80 kwa ajili ya studio yake ya filamu. Wengine mmeanza kupanga ni nani atacheza humo. Mimi nataka kujua nani atafunga spika, nani atachanganya sauti, nani atapika kwa watu mia wanaopiga picha alfajiri. Andaeni hao.

Haya maswali. Wewe mwenye shati la kijani. Ila atakayeniuliza kama Idris atacheza James Bond namtoa nje.