Kubadilisha Mpira wa Kutolea Maji ya Friji Katika Gari-Nyumba

Karibu, ndugu mtazamaji. Katika video hii tutabadilisha mpira mwembamba unaotoa maji ya barafu iliyoyeyuka ndani ya friji ya gari-nyumba, yaani yale magari yenye kitanda, jiko na choo ambayo watu wa Marekani na Kanada huyaita RV. Friji tunayoishughulikia ni ile ya gesi na umeme, isiyo na kompresa, inayopoza kwa amonia inayochemshwa na moto mdogo wa gesi au na hita ya umeme. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo na kazi yake haimhitaji fundi. Lakini ukipasuka bila mwenye gari kujua, maji huweza kuidondokea bodi ya umeme ya friji, au kuzilowesha mbao za sakafu msimu mzima, na hapo gharama huwa si ya mpira tena.

Kwanza tuangalie maji yanatoka wapi. Ukifungua mlango wa friji na kutazama ukuta wa nyuma, utaona mapezi ya aluminiamu yaliyopangwa wima. Hapo ndipo baridi inapoingilia, na hapo ndipo unyevu wa hewa unapoganda kila unapofungua mlango. Barafu hiyo ikiyeyuka, matone huangukia kijifereji cha plastiki kilicho chini ya mapezi, hupita kwenye tundu dogo, huvuka unene wa ukuta wa friji kwa kibomba cha plastiki, kisha huingia katika mpira wetu ulio nyuma, upande wa nje wa gari. Kwenye baadhi ya friji mpira huishia katika kikombe kidogo kilicho karibu na dohani, yaani bomba la kutolea moshi wa kichomeo cha gesi, ambapo joto huyakausha maji yenyewe. Kwenye nyingine hutokeza nje kupitia matundu ya hewa ya ubavuni.

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha ugonjwa ndio huu. Maji yakituama ndani ya friji, chini ya droo ya mboga, tundu ndilo lililoziba, na huenda mpira hauna kosa lolote. Yakionekana nyuma ya friji, kwenye sakafu ya kile chumba chembamba kinachofunguliwa kutokea nje, basi mpira umepasuka, umechomoka au umehama mahali pake. Ukisikia harufu kali ya amonia, au ukiona unga wa manjano kwenye mabomba ya chuma, tatizo ni jingine kabisa: mfumo wa kupozea unavuja, na hapo zima friji, fungua madirisha, uondoke karibu yake na umwite fundi mwenye ujuzi wa friji za aina hii.

Sasa tuzime kila kitu. Zima friji kwa swichi yake, funga valvu ya mtungi wa gesi, chomoa plagi ya friji kwenye soketi iliyo ndani ya kile chumba cha nyuma, kisha toa fyuzi ya umeme wa volti 12. Watu wengi huchomoa plagi wakadhani wamemaliza, wakasahau kwamba bodi hupata umeme wake kutoka kwa betri. Baada ya hapo subiri hadi sehemu ya dohani na kichemshio ipoe kabisa, kwa kuwa chuma chake huunguza vibaya muda mrefu baada ya moto kuzimwa. Chakula kinaweza kubaki ndani ikiwa mlango utafungwa na kazi haitachukua muda mrefu, ila ujue kwamba friji ya aina hii hupoa polepole sana. Ikishapata joto, huweza kuchukua saa nyingi, hata siku nzima, kurudi kwenye baridi yake. Kama una nyama nyingi, ihamishie kwenye boksi lenye barafu.

Nenda nje, ubavuni mwa gari, utafute kifuniko cha chini chenye matundu ya hewa. Kwa kawaida kimeshikwa na vibanio vya plastiki vinavyozungushwa kwa sarafu au kwa bisibisi bapa. Plastiki iliyokaa juani kwa miaka huvunjika kirahisi, kwa hiyo zungusha taratibu huku mkono wa pili ukikishikilia kifuniko kisianguke. Kikishatoka, usiguse kitu. Piga picha kwanza. Picha hiyo itakuonyesha mpira ulipita upande gani wa bomba la gesi, ulifungwa wapi, na ulikoma umbali gani kutoka kwenye kichomeo, mambo ambayo hakuna anayeyakumbuka sawasawa baada ya kuung'oa.

Naisogeza kamera karibu ili uone. Hiki kisanduku cheusi kina bodi ya umeme ndani yake. Hapa chini ni kichomeo na bomba lake la gesi. Hili bati refu lililosimama limefunika kichemshio pamoja na dohani. Na huu hapa, unaoteremka kutoka ukutani, ndio mpira wetu. Ulipokuwa mpya ulikuwa laini na wenye kuonyesha ndani. Sasa umekuwa wa rangi ya chai, na nikiukunja kidogo tu unakatika kama biskuti. Tazama pia alama nyeupe za chumvichumvi kwenye mbao zilizo chini yake: matone yamekuwa yakianguka papo hapo kwa muda mrefu.

Hatua ya kuutoa ndiyo inayotaka subira kuliko zote, na ndiyo nitakayokaa nayo kidogo. Mpira umevalishwa juu ya ncha ya kile kibomba cha plastiki kinachotokea ukutani. Kibomba hicho ni chembamba, kimezungukwa na povu gumu la kuzuia joto, na kikivunjikia ndani ya povu, huenda ukalazimika kuitoa friji nzima kwenye nafasi yake ili kukirekebisha. Kwa sababu hiyo usivute mpira kwa nguvu, wala usiuzungushe kwa koleo. Legeza kwanza kibano au kamba ya plastiki inayoushika. Kisha chovya kitambaa katika maji ya moto, ukamue, ukizungushie kiungo kwa dakika chache ili mpira ulainike. Ukikataa bado, chukua kisu kidogo chenye makali, uuchane kwa urefu kuanzia chini kuelekea kwenye kiungo, ukiukata mpira pekee bila kukikwaruza kibomba, halafu uufungue kwa vidole kama unavyoambua gome. Vaa glavu, kwa kuwa kingo za bati zilizo humu ndani hukata.

Kibomba kikiwa wazi, kisafishe. Nenda ndani ya gari, jaza bomba la sindano lisilo na sindano maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, uyasukume polepole kwenye tundu la kijifereji, huku mwenzako akiwa nje na bakuli. Utashangaa kuona uteute, makombo ya mkate na vipande vya majani ya mboga vikitoka. Usitumie waya mgumu wala hewa ya kompresa, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kutoboa au kuachanisha kiungo kilicho ndani ya ukuta, mahali usipoweza kupaona.

Kuhusu mpira mpya, njia ya uhakika ni kwenda dukani na kipande cha ule wa zamani pamoja na kipimo cha unene wa nje wa kibomba, maana unene wa ndani wa mpira ndio unaopaswa kulingana nacho. Maduka ya vifaa ya Marekani huuza mipira hii kwa inchi: nusu inchi ni milimita 12.7, na tatu ya nane ya inchi ni takriban milimita 9.5. Mpira wa vinili wenye kuonyesha ndani unapatikana kila duka na unatosha ukiwa mbali na joto. Kama njia yake inapita karibu na dohani, mimi ningelipia zaidi kidogo ninunue wa silikoni, kwa kuwa vinili hulainika na kulegea kwenye joto ambalo silikoni hulistahimili bila shida.

Kata mpira ukiwa na ziada kidogo. Kupunguza ni rahisi, kuongeza hakuwezekani. Chovya ncha yake katika maji ya moto, kisha uivalishe kwenye kibomba hadi imeze angalau sentimita mbili. Funga kwa kibano chepesi au kamba ya plastiki, ukikaza kiasi cha kuzuia usichomoke tu, kwani maji haya hayana shinikizo, na kukaza kupita kiasi hukibonyeza kibomba.

Sasa njia ya kupitisha mpira, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko aina ya mpira wenyewe. Uteremke moja kwa moja kuanzia kiungoni hadi mwisho bila kulegea katikati, kwa sababu penye bonde maji husimama, uchafu hujikusanya, na wakati wa baridi kali hugeuka barafu na kuziba. Usipite juu ya kisanduku cha bodi, usiguse dohani, wala usiegemee bomba la gesi. Kama friji yako ilikuwa na kikombe cha kukaushia maji, rudisha mwisho wa mpira humo humo. Kama ulitoka nje, upitishe kwenye tundu la chini la kifuniko na uache sentimita chache zining'inie, ili matone yaangukie ardhini badala ya kurudi nyuma na kutiririka ndani ya ukuta wa gari. Wapo wanaotoboa sakafu ili kufupisha njia. Siwashauri, kwa kuwa chini ya sakafu hiyo hupita nyaya, mabomba ya maji na hata bomba la gesi.

Kabla ya kutupa mpira wa zamani, angalia mwisho wake. Mara nyingi utakuta kifuniko kidogo chenye kitundu, au mkunjo wa umbo la U. Hiki si kizibo kilichosahaulika kiwandani. Mpira ukiwa wazi kabisa, hewa ya joto yenye unyevu hupanda hadi ndani ya friji, barafu huongezeka kwenye mapezi na friji hufanya kazi ya bure. Zaidi ya hayo, wadudu hupata mlango. Kioshe kifuniko hicho, kizibue kitundu chake kwa kijiti cha meno, ukivalishe kwenye mpira mpya. Kama kilikuwa mkunjo, tengeneza mkunjo kama huo huo.

Tujaribu. Gari likiwa limesimama sawasawa, weka karatasi ya kujifutia chini ya kiungo, kisha mimina robo lita ya maji kidogo kidogo kwenye kijifereji kilicho ndani. Maji yatoke mwisho wa mpira pekee na karatasi ibaki kavu. Ikilowa, rudi kwenye kiungo. Wakati huo huo choma mbao za sakafu kwa ncha ya bisibisi. Zikiwa laini, ziache zikauke vizuri kabla ya kufikiria kuziba chochote.

Rudisha fyuzi, chomeka plagi, halafu fungua gesi. Kama uligonga au kusogeza bomba la gesi wakati wa kazi, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyake na utazame kama povu linatokeza, kamwe usijaribu kwa kiberiti. Rudisha kifuniko cha ubavuni bila kuziba matundu yake, kwa kuwa friji hutoa joto lake kupitia hapo, kisha uwashe.

Usitarajie kuona matone siku ile ile. Ukiwa Houston katikati ya kiangazi, penye unyevu mwingi, mpira utadondosha maji mara kwa mara. Ukiwa kwenye jangwa la Arizona, unaweza kukaa siku kadhaa bila kuona tone, na mpira uwe mzima kabisa.