Kanuni Fupi, Safari Ndefu: Mhadhara Mjini Mafinga

Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi, asanteni kwa kuja na baridi hii. Tuanze kwa kupiga makofi. Kofi fupi linachukua mdundo mmoja, kofi refu midundo miwili. Midundo mitatu tunaweza kuijaza kwa njia ngapi? Fupi, fupi, fupi. Fupi, refu. Refu, fupi. Njia 3. Kwa midundo minne, hesabuni na jirani zenu... naam, njia 5. Kwa mitano, njia 8.

Sasa msikimbilie kunitajia namba ifuatayo. Swali hilo tumewazoesha watoto kwenye mitihani, na kwa maoni yangu ndilo dhaifu kuliko yote. Ulizeni kwa nini. Tazameni kofi la mwisho katika midundo mitano. Likiwa fupi, nyuma yake imebaki midundo minne, ambayo ina njia 5. Likiwa refu, imebaki mitatu, yenye njia 3. Hakuna namna nyingine ya kumalizia. Basi 5 na 3 ni 8, na hoja hiyo hiyo inafanya kazi hata kwa midundo elfu moja. Hapo mmethibitisha, hamkubahatisha.

Hemachandra, mwanazuoni wa India, alieleza jambo hili yapata mwaka 1150 akichunguza silabi fupi na ndefu za mashairi. Leonardo wa Pisa, tunayemwita Fibonacci, aliufikia mfuatano huo huo wa namba katika hesabu yake ya sungura mwaka 1202. Wanafunzi wanastahili kuyajua majina yote mawili.

Na hapa petu, okoteni koni ya msindano kule kwenye msitu wa Sao Hill. Igeuzeni kitako juu, mhesabu mizunguko ya magamba kwenda kulia, kisha kushoto. Mara nyingi mtapata 8 na 13, au 5 na 8, namba za mfuatano huo huo. Wekeni alama ya chaki mnapoanzia, la sivyo mtapotea.

Lakini kuna mfuatano mwingine unaoninyima usingizi. Chukua namba kamili yoyote kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3, ongeza 1. Rudia. Anza na 26: 13, 40, 20, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Hatua 10, tumefika. Jirani yake 27 je? Inapanda, inashuka, inapanda tena hadi 9232, na inafika 1 baada ya hatua 111.

Lothar Collatz wa Ujerumani anahusishwa na swali hili tangu 1937: je, kila namba hufika 1? Kompyuta zimepima namba zote hadi 2 kwa kipeo cha 68, na zote zimefika. Uthibitisho hakuna mpaka leo. Kanuni ya makofi ilijifungua tulipotazama kofi la mwisho tu. Hii ni fupi vilevile, mtoto wa darasa la tano anaielewa, na bado haijapata mlango.

Wingi wa mifano usiwatoshe. Badilisheni kitu kimoja: kwa witiri, badala ya kuongeza 1, ondoeni 1. Anzeni na 5. Mnapata 14, kisha 7, 20, 10, na mmerudi 5. Haifiki 1 kamwe. Nani ataniambia tofauti imetoka wapi?