Karatasi za picha: gramu zisikuzuge

BAKARI: Karibuni tena, tuko hapa hapa Shangani, Mtwara. Mimi Bakari, na dada Somoe yupo. Dada, harusi na unyago zimeongozana, picha zimejaa kwenye simu, na bibi kule Mikindani anataka ya kutundika ukutani. Mwenye printa nyumbani anunue karatasi gani isiyomkamua?

SOMOE: Kwanza aniambie printa yake ni ya aina gani. Kama ni ya leza, hizi glosi, yaani karatasi zinazong'aa, za printa za wino asizisogelee. Leza inabandika unga kwa joto kali. Plastiki ya karatasi itayeyuka mle ndani, na hapo utatafuta fundi, picha utazisahau.

BAKARI: Tuseme ni ya wino, hizi za matangi ya kujaza.

SOMOE: Hapo sawa. Sasa dukani utaambiwa, "Chukua hii, gramu 230, nzito hiyo!" Ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, za picha nyingi zinacheza kati ya 180 na 260, kwa hiyo mkononi utaona tofauti. Lakini wino haushikwi na gramu, unashikwa na utando wa juu.

BAKARI: Na utando nao si wa aina moja.

SOMOE: Hata kidogo. Glosi za bei chee nyingi ni karatasi tupu iliyopakwa kitu cha kung'aa upande mmoja. Ukiimwagia wino mwingi, tuseme picha ya usiku, inajikunja kama jani kavu. Zile za bei ya juu zina plastiki nyembamba pande zote mbili, kwa hiyo zinatulia.

BAKARI: Nitazijuaje, na paketi imefungwa?

SOMOE: Omba kipande cha mfano. Pindua nyuma: yenye plastiki ni laini, inateleza. Halafu chana kona taratibu. Ukiona kiutando kinavutika pembeni kabla ya kukatika, hiyo ndiyo yenyewe. Ikichanika kama daftari, ni ile nyingine.

BAKARI: Kwa hiyo ya rahisi tuiache?

SOMOE: Nani kasema? Picha za albamu, za watoto kubandika daftarini, rahisi inatosha kabisa. Ya plastiki mwekee bibi. Ila angalia wino wako. Kama ni wa pigmenti, yaani wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, kwenye glosi rahisi unabaki juu juu, ukipitisha kidole unafutika. Hapo mimi nachukua mati, ile isiyong'aa.

BAKARI: Mati watu wanaidharau, eti haing'ai.

SOMOE: Wanakosea! Picha ya unyago inapita mikono ishirini, yote imetoka kwenye sahani ya pilau. Glosi itajaa alama za vidole. Mati inavumilia, na mara nyingi bei yake ni nafuu.

BAKARI: Na bei tunalinganishaje? Paketi moja ina karatasi ishirini, nyingine hamsini.

SOMOE: Gawa bei kwa idadi ya karatasi, halafu kumbuka zitakazoharibika. Anza na paketi ndogo. Ukiona zinakwama au rangi zinatoka za ajabu, hujapoteza sana. Na kwenye kompyuta chagua aina ya karatasi uliyoweka, usiache "karatasi ya kawaida", maana printa itamwaga wino isivyotakiwa, utailaumu karatasi bure.

BAKARI: Na upande wa kuprinti? Mati pande zote zinafanana.

SOMOE: Lowesha kidole kidogo, gusa ukingoni. Upande unaonata ndio wenye utando. Ukiprinti nyuma ya ile ya plastiki, wino unasimama vitone vitone, haukauki.

BAKARI: Na unyevu huu wetu wa baharini?

SOMOE: Ukishatoa unazotaka, zilizobaki zifunge kwenye nailoni, zilaze. Na picha iliyoprintiwa leo usiikimbize kwenye fremu. Iache ilale mpaka kesho, na kioo kisigusane nayo, itanata humo.

BAKARI: La mwisho, A4 au zile zilizokatwa tayari za inchi 4 kwa 6?

SOMOE: Piga hesabu ya duka lako. Kwenye A4 moja zinaingia tatu za 4 kwa 6: mbili zisimame sambamba, ya tatu ilale chini yake. Nne hazienei, urefu unapungua kama milimita nane. Chenga inayobaki pembeni ndiyo ya kujaribia rangi.

BAKARI: Tunakata na mkasi?

SOMOE: Wembe na rula ya chuma, Bakari. Mkasi muachie fundi cherehani.