Pazia la Bafuni: Doti Moja, Nailoni Moja

(Mhadhara uliotolewa kwa kikundi cha akina mama na mabinti wanaojifunza cherehani, Tanga)

Wakubwa zangu, shikamooni. Na ninyi mabinti mliojibana ukutani huko nyuma kama mnadaiwa ada, sogeeni mbele, leo kuna vitu vya kushika kwa mkono.

Nimeombwa niseme juu ya mapazia ya bafuni: kuyashona, kuyapamba, na kuyatia viraka yakichanika. Mwenyekiti aliponipigia simu nilicheka. Mimi fundi wa magauni ya harusi, leo niitwe kuhutubia watu juu ya nailoni ya chooni! Baadaye nikakaa nikakumbuka ni wateja wangapi wamesimama mlangoni kwangu na pazia limekunjwa kwapani, wote na kilio kimoja: "Fundi, nimelinunua zuri, lakini bafuni halikai."

Halikai kwa sababu halikukatwa kwa ajili ya bafu lako. Pazia la paketi lina kipimo kimoja kilichozoeleka, inchi 72 kwa inchi 72, yaani sentimita 183 kila upande, na matundu 12. Kipimo hicho ni cha nyumba yenye lile sinki refu ambalo mtu analala ndani akaoga. Ncha ya pazia inaingia ndani ya sinki, maji yanachuruzika humo humo. Wangapi hapa wana sinki hilo nyumbani? Mmoja. Na wewe dada yangu, niambie ukweli, si unahifadhia maji ya siku bomba likikatika? Nilijua.

Bafu zetu wengi ni chumba kimoja na choo, sakafu moja, tundu la maji pembeni. Upande wa kuogea una mita moja, ukizidi sana mita moja na robo. Sasa chukua sentimita 183 uzibane kwenye mita moja. Zinakunjana, mikunjo inashikana, ndani ya mikunjo hakupiti hewa, na wiki ya pili umeshapata madoadoa meusi. Urefu nao: bomba la pazia likiwa mita mbili kutoka sakafuni, toa sentimita 4 za ringi, toa 183 za pazia. Chini panabaki sentimita 13. Anayeoga kwa bomba la mvua huenda asione shida. Lakini sisi tunaooga kwa ndoo na kopo, maji hayatoki juu yakatulia. Yanapiga sakafu kisha yanaruka chini ya goti, na hizo sentimita 13 ndizo mlango wake. Ukitoka, choo kizima kimelowa, na aliyeingia baada yako anakusema kimoyomoyo.

Kwa hiyo shida si ubora wa pazia. Shida ni kwamba tumelipa pazia moja kazi mbili: lizuie maji, na litusitiri kwa uzuri. Nailoni inazuia maji lakini sura haina. Kanga ina sura lakini maji yanaipita. Tenganisha kazi. Nailoni ikae upande wa maji, kanga ikae upande wa macho, zote mbili ziningʼinie kwenye ringi zile zile. Kimojawapo kikiharibika unabadilisha hicho tu.

Tuanze na kanga, maana hapa ndipo fundi anapopata kazi ya kumfurahisha. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Wengi wakitaka pazia wanaisimamisha kanga, maandishi yanakwenda wima kama mtu aliyelala ubavu. Msifanye hivyo. Chukua doti nzima, kanga zake mbili zilale kwa upana, moja ikae juu na mwenziwe chini yake, halafu hesabu. Upana 150, urefu 220. Ila usishone bado! Ifue kwanza na uianike, kwa sababu pamba inarudi. Niliyonayo hapa ilitoka majini na sentimita 106 kila moja, na upana 145. Pengine yako itarudi zaidi au kidogo, ndiyo maana nasema pima baada ya kufua, usipime dukani.

Sasa tunayo 106 na 106, ni 212. Kati ya kanga na kanga, kama haijatenganishwa ikate, kisha ziunge kwa mshono wa kulaza, ule wa pembeni mwa suruali ya jinzi, usiobaki na nyuzi nje. Unakula sentimita 3. Juu tunakunja mara mbili, sentimita 4 na tena 4, zinaondoka 8. Tumebaki na 201. Pazia linatakiwa liwe na 191, ili ukitoa ringi liishie sentimita 5 juu ya sakafu. Zile 10 zinazobaki msizikate. Zikunjeni chini ziwe pindo pana. Pindo hilo ndilo uzito wa pazia, na siku kitambaa kikirudi tena, unafumua unateremsha.

Pembeni kunja sentimita 2 kila upande, upana unabaki 141. Hapa kwenye matundu ndipo wanafunzi wangu wote huanguka, na mimi nilianguka. Tunataka matundu 10. Mtu anachukua tepu, anagawa 141 kwa 10, anatia chaki, akifika mwisho anakuta tundu la kumi liko hewani. Matundu 10 yana nafasi 9 kati yake. Acha sentimita 3 kila ncha, unabaki na 135, gawa kwa 9, unapata 15 kamili. Weka alama. Binti, njoo ujaribu kwenye hii... Umeona? Limelala sawasawa.

Tundu lenyewe, mimi sipigi yale ya bati kwenye bafu. Yale mengi ni chuma kilichopakwa rangi, na bafuni chuma hakina maisha. Natoboa tundu la kifungo kwa cherehani, na kabla ya kutoboa naweka ndani ya mkunjo kitambaa cha gundi kile cha kwenye kola ya shati. Uzi uwe wa polista. Pazia langu la kwanza nilishona kwa uzi wa pamba uliobaki kwenye kazi nyingine, nikajiona mjanja. Miezi michache, uzi ukaoza kwa unyevu, mshono ukafunguka wenyewe katikati, mteja akiwa ndani. Alinirudishia pazia bila kusema neno, na lile jicho lake mpaka leo silisahau.

Sasa suala la jina la kanga. Mnacheka nini? Mnajua ninakokwenda. Ukiunga kanga mbili hivi, jina la kanga ya juu linakaa kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Mtu aliyekaa kwenye choo cha kukaa, macho yake yako hapo hapo, na hana pengine pa kutazama. Nilimshonea dada mmoja pazia la doti aliyoileta mwenyewe, nyekundu nzuri, maua ya mkorosho. Mimi kazi yangu kushona, sikusoma. Mama mkwe akaja kutembea kutoka Pangani. Akaingia bafuni, akatoka amenuna, chai hakunywa. Kumbe kanga inasema "Hasidi hana sababu". Bibi wa watu amekaa pale peke yake, anaisoma, anajiuliza imewekwa kwa ajili ya nani. Wifi zake wakaja dukani kwangu kuulizia! Basi tangu hapo nasoma kwanza. Kanga ya bafu la wageni iwe ya dua au ya ukaribisho. "Mgeni njoo mwenyeji apone" haijamnunisha mtu bado. Au kama huna uhakika, tumia kitenge, kitenge hakisemi.

Mapambo mengine nayapitia haraka. Lasi na vishada, viweke juu au usawa wa kifua, kamwe si chini, kwa sababu lasi ya chini inanyonya maji yenye sabuni na kugeuka kamba ya kijivu. Maua ya kitenge yaliyokatwa na kushonewa juu ya kitambaa cheupe yanapendeza, ila yafulie kwanza kando, yasije yakachuja.

Nailoni. Nenda kwenye maduka yanayouza nailoni ya mezani kwa mita. Upana wake mara nyingi ni inchi 54, sentimita 137, karibu sawa na kanga yetu. Nunua mita mbili. Nailoni hii ina siri moja inayoeleza kila kitu kuhusu kuharibika kwake. Plastiki yenyewe, PVC, kwa asili ni ngumu, ndiyo ile ya mabomba ya maji. Mwaka 1926 mkemia wa Marekani aitwaye Waldo Semon, wa kampuni ya B.F. Goodrich, aligundua kwamba ukiichanganya na kimiminika fulani na kuipasha moto inakuwa laini na kunyumbuka kama mpira. Pazia la bafuni ni mtoto wa ugunduzi huo. Lakini ule ulaini umechanganywa tu, haukufungwa ndani. Taratibu unatoka, na jua linauharakisha. Ndiyo maana nailoni ya zamani inakauka ikalia kratakrata ukiikunja. Ikifika hapo, mama, usiilete kwa fundi. Kila sindano inayoingia ni ufa mpya. Kata palipobaki pazima, funikia cherehani.

Ikiwa bado laini inashoneka, kwa masharti. Usiichome pini, tundu la pini kwenye nailoni halijifungi. Tumia vibanio vya nguo. Mshono uwe mrefu, weka namba 4. Mshono mfupi unaitoboa kama stempu za posta, ukivuta inachanika kwa mstari. Mguu wa cherehani ukiganda, weka karatasi ya gazeti juu, shona, kisha chana karatasi. Na matundu ya nailoni yatoboe kwa panchi ya ofisini, ukiwa umelaza kanga juu yake kama ramani. Msichome kwa msumari wa moto. Najua mnafanya. Moshi wake ni sumu.

Kuna mama ameniuliza pale mlangoni kwa nini pazia linamvamia na kumgandia miguuni akifungua bomba la mvua. Swali hilo limewasumbua hata wasomi. Mwaka 2001 David Schmidt wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha, kwa kulijibu angalau nusu. Alipiga hesabu kwa kompyuta akaona matone yanayoshuka yanazungusha hewa kama kimbunga kidogo kilicholala ubavu, katikati yake msukumo wa hewa unapungua, pazia linavutwa ndani. Dawa yake ni uzito chini. Nati za baiskeli hapana, zitatoa kutu na kuchora sakafu. Wengine hapa Tanga wanatumia chubwi za wavuvi. Hazitoi kutu, ni kweli, lakini ni madini ya risasi, ni sumu, na mtoto anayetambaa anatia kila kitu mdomoni. Mimi naokota kokoto laini za ufukoni, nazishonea kimfuko kimoja kimoja ndani ya pindo la kanga, na nailoni naibania kwenye pindo hilo kwa vifungo viwili vya kubonyeza vya plastiki.

Kuhusu kuchanika. Nileteeni pazia lolote, nitawaambia bila kuliangalia kwamba limechanika tundu la kwanza au la mwisho, kwa sababu ndipo mkono unapovutia. Usilikate. Lifute kwa spiriti, maana kuna utando wa sabuni usiouona, na gundi haishiki juu ya sabuni. Likauke kabisa. Bandika tepu pana ya kufungia maboksi mbele na nyuma, zikutane nje ya ukingo, na kona zake uzikate ziwe mviringo. Kona yenye ncha ndiyo inayoanza kubanduka. Kisha toboa upya. Mpasuko mrefu katikati, kwanza toboa kitundu kidogo cha mviringo pale unapoishia, ili usiendelee kutembea, ndipo ubandike tepu pande zote mbili.

Ukungu: ukimaliza kuoga, tandaza pazia lote, usiliache limekusanywa pembeni. Nusu ya kazi imeisha hapo. Nailoni nyeupe unaweza kuilaza kwenye maji yenye jiki kidogo. Kanga usiiguse na jiki. Hiyo ni sabuni na upepo, ianikwe kivulini upande wa ndani ukiwa nje. Na hili nasema kwa sauti: jiki isikutane na siki, wala ndimu, wala dawa kali ya kusugulia choo. Vikikutana vinatoa hewa ya klorini, na bafu letu dogo halina pa kukimbilia.

Nani? Ndiyo, shangazi. Unasema bomba lako la pazia ni waya? Waya unalegea katikati, pazia litagusa sakafu hata ukilipima vizuri. Tafuta bomba la plastiki la maji la nusu inchi, upitishe kipande cha nondo ndani, uzibe ncha kwa gundi. Limenyooka, na chuma hakionji maji.

Haya, kuna doti moja hapa haijakatwa na nailoni mita mbili. Mwenye mkasi mkali anyooshe mkono, na mwingine asome hiyo kanga kwa sauti kabla hatujaanza.