Ndigana kali: chanjo inayotoka kwa kupe

REHEMA: Karibuni tena, wafugaji wenzetu. Kaka Daudi, leo naanza na linaloniuma. Mwaka juzi nilizika ndama chotara wawili. Nilidhani ni mafua.

DAUDI: Pole sana, dada. Uvimbe hukuuona?

REHEMA: Niliuona chini ya sikio, kama yai la kuku. Nikapuuza. Siku ya mwisho povu likatoka puani.

DAUDI: Maji yalishajaa mapafuni. Hiyo ni ndigana kali. Kupe wa sikio, yule wa kahawia, akiuma anaingiza vimelea vya Theileria parva. Vinaingia kwenye chembe nyeupe za damu, na ajabu yake haviziui. Vinazifanya zizaliane ovyo, mfano wa saratani. Ndiyo maana tezi zinavimba. Daktari angechoma sindano kwenye ile tezi, akapaka majimaji kwenye kioo, akatia rangi na kuangalia kwa hadubini.

REHEMA: Na hiki kipimo cha PCR tunachokisikia?

DAUDI: Kinatafuta vinasaba vya kimelea kwenye damu. Ng'ombe aliyepona mara nyingi hubaki na vimelea vichache mno. Hadubini inaweza kumpitisha, PCR ikamkamata.

REHEMA: Sasa chanjo. Nimeambiwa ni ugonjwa wenyewe!

DAUDI: Ndiyo! Ilibuniwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970. Kupe wenye maambukizi wanasagwa, vimelea vinatolewa vikiwa hai, aina tatu pamoja: Muguga, Kiambu na Serengeti. Ndama anachomwa hivyo, na papo hapo anachomwa dawa ya oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu. Dawa inavipunguza kasi, mwili unapata nafasi ya kuvizoea na kupambana. Ni mara moja tu, kinga inakaa miaka. Ila ukichoma vimelea ukaruka dawa, ndama umemuua mwenyewe.

REHEMA: Mbona Wamasai kaskazini mwa Tanzania wamechanja kwa wingi, sisi wa ng'ombe wawili hatufikiwi?

DAUDI: Sababu ni mrija chanjo inamofungwa. Inatunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali mno, na mrija mmoja unachanja ndama kama 30 au 40. Ukishayeyushwa haurudi mtungini, utumike ndani ya saa chache. Mwenye ndama 100 anaimaliza mirija asubuhi moja. Kwako wewe, mchanjaji akija anamwaga karibu yote. Hili linanikera sana: chanjo ipo, imethibitishwa, halafu kifungashio ndicho kinatunyima!

REHEMA: Tukijikusanya mtaa mzima je?

DAUDI: Hapo atakuja. Ndama mgonjwa asiletwe siku hiyo. Na josho msiliache, dada, maana kupe bado wanaleta magonjwa mengine kama ndigana baridi, mkojo mwekundu na moyo maji, na chanjo hii haigusi hata moja.

REHEMA: Jumamosi napita na daftari nyumba kwa nyumba. Naanza na jirani wa ng'ambo ya mfereji, yeye ana ndama watatu.